Fungueni Kabati: Maoni Juu ya Pawasaplai na Mwalimu wa Sayansi

Katika makala haya nakusudia kutoa maoni yangu juu ya chombo kimoja ambacho chuo chetu kinacho, na ambacho kwa miaka mingi wanachuo wachache mno waliwahi kukigusa. Nacho ni kile kisanduku cha mezani kinachopokea umeme wa ukutani, wa mkondo geu na volti 230, na kuutoa kwa mbele, katika ncha nyekundu na ncha nyeusi, ukiwa umeme wa mkondo mnyoofu wa volti chache tu. Vitabu vinakipa majina mbalimbali. Mafundi wa redio na simu wanakiita pawasaplai, nami nitalifuata jina lao, maana wao ndio wanaokitumia kila siku.

Najua baadhi yenu mtauliza mara moja: chombo hicho kina faida gani kwa mtu anayekwenda kufundisha shule ya msingi kule Yaeda au Basotu, ambako hatakikuta? Swali hilo ni la haki. Niliwahi kuliuliza mimi mwenyewe, tena nikalijibu vibaya, na jibu langu lilimwunguza mtoto.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikiwakagua wanachuo waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha wilayani Mbulu. Shule yenyewe sitaitaja. Iko kwenye nyanda za juu, mahali ambapo asubuhi za Juni na Julai ukungu huingia hadi darasani na watoto huja wamejitanda mashuka. Umeme wa gridi ulikuwa umefika kijijini lakini si shuleni. Ofisi ya mwalimu mkuu ilikuwa na paneli ya sola juu ya bati, na chini ya meza palikuwa na betri ya gari ya volti 12. Mwanachuo wangu, binti hodari ambaye maandalio yake ya somo yalikuwa mfano kwa wenziwe, alikuwa na kipindi cha sakiti ya umeme katika Darasa la Sita. Mawe ya tochi hakuyapata dukani wiki ile. Akaazima betri ya ofisini.

Aliiweka juu ya meza ya mbele, akaunga nyaya mbili nyembamba moja kwa moja kwenye vichwa vya betri, kisha akamwita mtoto mmoja aje ashike ncha za nyaya na kuzigusisha kwenye globu. Mtoto alikuja kwa shauku. Kabla hajaifikia globu, ncha zile mbili zikagusana. Hapakuwa na kishindo. Nilichokiona ni plastiki ya waya ikifuka moshi kutoka mwanzo hadi mwisho kwa wakati mmoja, na shaba iliyomo ndani ikiwa nyekundu. Mtoto aliachia upesi, lakini plastiki iliyoyeyuka ilikuwa imekwisha kumganda. Tulimmwagia maji baridi kwa muda mrefu, na hata hivyo alipata malengelenge katika vidole vitatu vya mkono wa kuandikia.

Jioni binti yule alinijia akilia. "Mkufunzi," aliniambia, "si zilikuwa volti kumi na mbili tu? Tulifundishwa kwamba volti kumi na mbili hazina madhara."

Alikuwa anasema kweli. Alifundishwa hivyo, na aliyemfundisha ni mimi.

Hebu tulitazame kosa hilo kwa hesabu, maana hesabu yake ni nyepesi. Ni kweli kwamba volti 12 hazimrushi mtu. Ngozi kavu ya mwili ina ukinzani mkubwa, na volti chache namna hiyo haziwezi kupitisha mwilini umeme wa kutisha. Lakini shaba si ngozi. Tuseme nyaya zile mbili, pamoja na betri yenyewe, zilikuwa na ukinzani wa omu 0.2 kwa jumla. Kwa kanuni aliyoitoa Georg Ohm mwaka 1827, tunagawa volti 12 kwa omu 0.2, nasi tunapata ampea 60. Zidisha ampea 60 kwa volti 12, utapata wati 720. Hiyo inakaribia nguvu ya pasi ya umeme, na yote imebanwa ndani ya waya mwembamba kama njiti ya kiberiti, ulio mkononi mwa mtoto wa miaka kumi na miwili. Lau nyaya zingekuwa nene, ampea zingepanda hadi mamia, kwa sababu ukinzani wa ndani wa betri ya gari ni mdogo sana. Ndiyo maana betri ile ile inaweza kuamsha injini ya gari asubuhi ya baridi.

Wanafunzi wa Hanang, hasa wale wanaotoka katika maboma ya wafugaji, wanalielewa jambo hili upesi ukilieleza kwa mfano wa josho. Kundi la ng'ombe linasukuma kuelekea kwenye dawa; msukumo huo ndio volti. Idadi ya ng'ombe wanaopita kwa dakika ndiyo ampea. Josho lililojengwa sawasawa lina kipito chembamba cha miti, ng'ombe akapita mmoja mmoja hata kundi likiwa kubwa na lenye kiu ya kutoka. Ondoa kipito hicho, na kundi lile lile, kwa msukumo ule ule, litavunja uzio na kumkanyaga mchungaji.

Betri ya gari haina kipito, lakini pawasaplai inacho. Pawasaplai nzuri ya maabara ina vifundo viwili vya kuzungusha: kimoja cha volti, kingine cha ampea. Hiki cha pili ndicho kipito cha josho. Ukikiweka kwenye ampea 0.5, basi hata mwanachuo akizigusisha nyaya mara mia, hazitapita zaidi ya ampea 0.5, volti zitaanguka zenyewe, taa ndogo itawaka kuonya, na waya hautapata hata joto la kuonekana. Kwa maoni yangu hapa ndipo palipo na thamani yote ya chombo hiki katika chuo cha ualimu. Ni mahali pa kukosea bila kuumia. Mwanachuo aliyekwisha kuiona shoti ikizuiliwa mbele ya macho yake, akajua ni kitu gani kilichoizuia, atakapoikuta betri ya ofisini atauliza mara moja: kizuizi kiko wapi?

Binti yule hakuwahi kuiona. Pawasaplai yetu ilikuwa kabatini, imefunikwa kwa nailoni iliyokuja nayo, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Nilikuwa na sababu zangu, nazo zilikuwa sababu za mtunza ghala, si za mkufunzi. Niliogopa isiharibike. Niliogopa siku ya kuhesabu mali nisije nikaulizwa. Nilieleza sakiti kwa chaki ubaoni na kuandikisha maana ya volti, na wanachuo wakafaulu mtihani. Mwalimu Nyerere alipoandika juu ya Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 aliionya nchi dhidi ya kudhani kwamba elimu yote ya maana hutoka vitabuni. Nimelifundisha onyo hilo katika somo la falsafa ya elimu mara nyingi, huku nikiwa nimelifungia chombo ndani ya kabati hatua tano kutoka niliposimama.

Basi nieleze namna ninavyotaka kila mwanachuo akitumie, kwa mikono yake, si kwa kutazama.

Kazi huanza kabla ya plagi kuingia ukutani. Angalia waya wa plagi kama haujachubuka, na plagi kama ina miguu yake mitatu. Geuza chombo utazame nyuma. Vyombo vingi vina swichi ndogo ya kuchagua umeme unaoingia, na vilivyotoka Marekani au Japani mara nyingine huwa vimewekwa kwenye volti 115 au 100. Ukikichomeka hivyo katika umeme wetu wa 230, umekiua kwa sekunde moja. Kisha zungusha vifundo vyote viwili kuelekea kushoto hadi mwisho. Washa kikiwa hakijaungwa na kitu. Pandisha volti kidogo tu, mbili au tatu. Unga ncha nyekundu na nyeusi kwa kipande cha waya, pandisha kifundo cha ampea polepole hadi kipimo kisome 0.5, halafu ondoa waya ule. Sasa kipito kimejengwa. Weka volti unazozihitaji, zima, unga sakiti yako, hakiki kila kiungo kwa kidole, na hapo ndipo uwashe. (Zipo pawasaplai za bei ndogo zisizo na kifundo cha ampea. Hizo usiziunganishe ncha kwa makusudi hata kidogo, bali zitumie pamoja na fyuzi.)

Makosa mawili nimeyaona yakirudiwa kila mwaka. La kwanza ni la ncha ya kijani. Wanachuo huidhani kuwa ni hasi, kwa kuwa iko karibu na nyeusi. La hasha. Ncha ya kijani ni ya ardhi. Imeungwa na kasha la chuma na ule mguu wa tatu wa plagi. Hasi ni nyeusi. La pili ni baya zaidi. Taa ya onyo, iliyoandikwa C.C., inapowaka, maana yake ni kwamba sakiti inadai ampea zaidi ya ulizoruhusu. Mwanachuo anaona globu yake imefifia, naye badala ya kuitafuta shoti anapandisha kifundo cha ampea ili "ipate nguvu". Huko ni sawa na kubomoa kipito cha josho kwa sababu ng'ombe wanachelewa. Taa ile ikiwaka, mkono unakwenda kwenye swichi ya kuzimia, na jicho linakwenda kwenye nyaya.

Nikiri jambo moja la kunitia haya. Mtu aliyenizoesha kuitazama taa ile hakuwa mhandisi, alikuwa kijana fundi wa simu mwenye kibanda Katesh. Nilikaa kwenye benchi lake nikisubiri simu yangu, nikamwona akiweka volti, akibana ampea, akigusisha nyaya kwenye simu iliyokufa na kusoma kipimo kama mganga asomavyo mapigo ya moyo. Kipimo kikiruka juu kabla hata hajabonyeza kitufe cha kuwashia, alisema, "Hii ina shoti ndani," na alikuwa sahihi. Ninawashauri mkakae kwenye mabenchi ya namna hiyo, Katesh, Dongobesh, Haydom au popote mtakapopangiwa. Mwiteni "fundi" kwa heshima yake, nanyi mtajifunza mengi kwa bei ya soda.

Sasa utunzaji. Wengi hudhani kutunza ni kufunika na kufungia. Chombo hiki hutunzwa kwa kutumiwa. Ndani yake mna kapasita za kuhifadhi umeme ambazo hudhoofika zikikaa miaka bila kupata umeme, na unyevu wa Mbulu hauzisaidii. Kiwashwe walau mara moja kwa mwezi kwa saa moja. Matundu ya kasha ni pua zake. Kitambaa cha mezani kikipamba chombo kinachofanya kazi, kinakiziba pumzi. Vumbi la kiangazi, ambalo pale chini ya mlima Hanang linaingia hata ndani ya sanduku lililofungwa, lifutwe kwa brashi laini na kitambaa kikavu, plagi ikiwa imetolewa ukutani. Kabla ya kipindi linganisha kipimo chake na mita nyingine. Kisanduku kisemacho volti 6 huku kikitoa 9 kitaunguza globu zote na kukufanya mwongo mbele ya darasa. Radi za nyanda za juu zinapoanza, chomoa plagi. Kuzima swichi peke yake hakutoshi.

Juu ya fyuzi sina upole. Fyuzi ikikatika mara moja, badili kwa nyingine ya ampea zile zile zilizoandikwa karibu na tundu lake. Ikikatika mara ya pili, acha. Chombo kina ugonjwa. Ile desturi ya kuzungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, au uzi wa waya, ni kuzika mlinzi na kuendelea kulala mlango wazi. Na fyuzi ndiyo mwisho wa ruhusa yako. Kasha lisifunguliwe na mwanachuo wala na mkufunzi wa sayansi. Katika pawasaplai nyingi za sasa umeme wa 230 hugeuzwa kwanza kuwa mkondo mnyoofu wa volti zipatazo 325, na kapasita huweza kuushika hata baada ya plagi kutolewa. Hizo si volti za kuchezea. Kasha lisubiri fundi aliyesomea kazi hiyo.

Turudi sasa kwenye shule ile ya ukungu, ambako pawasaplai haipo. Mwalimu aliyekijua kifundo cha ampea atafanya nini?

Kwanza, atawapa watoto mawe ya tochi kila inapowezekana. Jiwe moja lina volti 1.5, matatu yakifuatana yana 4.5, na ukinzani wake wa ndani unatosha kuwa kizuizi kwa mchezo wa kawaida wa watoto. Yaliyokwisha yasiwekwe motoni wala kuchajiwa. Betri za simu, zile za lithiamu, zisiingie darasani kabisa. Shoti yake huwasha moto.

Pili, paneli ndogo ya sola, tuseme ya wati 10, ni pawasaplai iliyozaliwa na kipito chake. Ncha zake zikigusana juani hutoa kama ampea 0.6 tu, na mwisho wake ni hapo. Volti zake bila mzigo hufika 21 hivi, kwa hiyo globu ya volti 12 iliyo peke yake itateseka. Unga mbili kwa kufuatana. Mtoto akiweka kiganja chake juu ya paneli na kuona globu ikififia, amejifunza mengi kuliko ukurasa mzima wa daftari. Jua la Hanang halina bili.

Tatu, ikiwa hapana budi kuitumia betri ya gari, mwalimu ajenge kipito chake mwenyewe. Achukue globu ya taa ya breki, ile ya volti 12 na wati 21, aiunge kwa kufuatana na sakiti ya watoto, kwenye waya wa chanya. Kabla yake, shubiri moja kutoka kwenye kichwa cha betri, aweke fyuzi ya ampea 3. Watoto wakiunga globu ndogo ya wati 5, globu ya breki itakaa baridi, ukinzani wake ukiwa chini ya omu moja au kuzidi kidogo, na ile ndogo itawaka vizuri. Nyaya zikigusana, globu ya breki itachukua volti zote 12, itawaka kwa mwanga mkali, ukinzani wake utapanda hadi omu 7 hivi, na umeme utakaopita hautazidi ampea 1.75. Waya hautayeyuka, na darasa zima litaiona shoti kwa macho. Hiyo ndiyo ile taa ya C.C., imetengenezwa kwa globu ya gari na viungo viwili.

Betri yenyewe iwekwe chini, si juu ya meza, wala isiinuliwe na watoto. Mwalimu avue pete na bangili. Inapochajiwa hutoa hewa ya hidrojeni, ambayo hulipuka kwa cheche. Koroboi, jiko na sigara viwe mbali na madirisha yawe wazi. Iongezwe maji ya betri yaliyosafishwa tu. Maji ya kisima ya pande za Balangida, yenye chumvi, yataiua. Tindikali ikimrukia mtu, maji mengi yanayotiririka, upesi, kwa robo saa na zaidi, na kama ni jichoni basi zahanati baada ya hapo.

Mkufunzi mwenzangu mmoja amenipinga. Anasema kuwaachia wanachuo pawasaplai ni kuiharibu, na ikiharibika hatutapata nyingine kwa miaka. Sibezi hofu yake. Fedha za vifaa ni chache na tunajua zinavyochelewa. Lakini namwomba aweke kwenye mizani fyuzi zilizokatika upande mmoja, na vidole vya mtoto upande wa pili. Tangu tulipolifungua kabati, wanachuo wamekata fyuzi tano, wamevunja kifundo kimoja, na mmoja alisahau chombo kikiwaka usiku kucha. Kifundo tulikitengenezea kingine kwa kipande cha mti.

Ufunguo sasa unaning'inia kwenye msumari ndani ya maabara, kando yake daftari. Anayechukua chombo anaandika jina, saa, volti na ampea alizoweka, na kasoro aliyoiona. Binti yule, ambaye siku hizi ni mwalimu wa sayansi wilayani Hanang, alipita chuoni likizo iliyopita akayasoma majina yote, kisha akaniomba globu mbili za breki, kwa kuwa dukani kwao zilikuwa zimekwisha.